Muchanga wa Chisense Ndani ya Valvu

Vijana wa karakana ya Kabuta, mumeniomba niwaandikie namna ya kuchagua valvu ya kuzunguka na kuitunza. Mulitaka karatasi moja. Mimi sijawahi kukubali bei ya kwanza, basi mutapata zaidi ya mulichoomba, na mutachukua yote pamoja, kama vile muuzaji wa nyanya anavyofunga nzuri na zilizopondeka katika fungu moja. Ukichagua, fungu linarudi chini.

Kwa yule ambaye hajaiona: valvu hii ni kasha la chuma la mviringo. Ndani kuko chuma kinachozunguka chenye mabawa, kama gurudumu la kinu cha maji. Juu inapokea plastiki iliyosagwa, chini inaiangusha ndani ya bomba lenye upepo wa nguvu unaoisukuma mpaka kwenye mashini ya kuyeyusha. Kazi yake ni kazi ya mulinzi wa mulango wa soko: mali ipite, upepo usipite. Kule Lubumbashi, mu usine, kile kiwanda cha plastiki nilikofanya kazi mpaka nywele zikabadilika rangi, tulikuwa tunaiita ekluzi. Huku kila mutu anasema valvu, na mimi nimekubali. Jina halinizuii kupunguza bei.

Niliingia usine na ufagio. Punje za plastiki ni laini, zinang'aa, zinamwagika kila mahali, na ukizikanyaga unakwenda mahali hukupanga. Nilizifagia, nikazirudisha stoo, nikawa nazihesabu magunia mara mbili hata kama hakuna aliyeniuliza. Papa Ngoy, mukubwa wa mafundi, aliona hilo. Siku moja akanipa bolti zake nizishike wakati anafungua ekluzi. Aliponiambia nirudishe, nikarudisha zote, na moja zaidi.

"Hii moja imetoka wapi?" akauliza.

"Ilikuwa chini ya kiatu yenu, papa. Tangu siku ile ingine mulipoifungua."

Akaifunga mahali pake. Kuanzia siku ile ufagio ukapata mutu mwingine.

Papa Ngoy hakuwa mutu wa maneno mingi, lakini alichosema alikisema kama mutu anayelipa kwa kila neno. La kwanza alilonifundisha ni hili: "Usiulize bei. Uliza itakula nini." Patron wetu, mwenye usine, hakulisikia. Alipata ekluzi kwa bei ya kucheka, imetoka kwenye kinu cha unga, inang'aa kama sahani ya arusi. Unga ni mulaini, unapita popote. Punje ya plastiki ni ngumu. Inakamatwa kati ya bawa na ukingo wa mulango, inakatwa, na nusu yake inabaki pale kama jiwe ndani ya kiatu. Siku ya kwanza ile ekluzi ililia kama mbuzi anatafuna vigunzi. Siku ya pili ikakwama, mota ikanuka, na patron akaja kusimama mbele yake mikono kiunoni.

"Ngoy, ni nini tena?"

"Patron, mulinunua meno ya mutoto, alafu munayapa mifupa."

Basi mukienda kununua, kabla ya kuuliza bei mubebe mukononi kile ambacho valvu itakula. Kama ni punje, mutafute ile yenye mulango wa juu uliokatwa mushazari, ili punje zisianguke moja kwa moja kwenye kisu cha bawa. Kama ni vipande vya madumu yaliyosagwa kama vyenu, mutake mifuko mikubwa kati ya mabawa, na mwendo wa pole. Kijana anapenda kitu kinachokimbia. Valvu inayokimbia haijazi mifuko yake, inazungusha hewa tu na kula beringi. Mutafute kubwa inayotembea pole, muache ndogo inayojionyesha. Na beringi zikae nje ya kasha, mbali na vumbi. Muuzaji akisema za ndani ni sawa, mumuulize kama yeye analala ndani ya gunia la unga.

Jambo lingine la Papa Ngoy: fyuzi. Hakuweka mukono ndani ya ekluzi kabla hajatoa fyuzi ya mota na kuitia mufukoni mwa shati lake. Si kuzima swichi, hapana. Swichi, mutu yeyote anaweza kuiwasha akipita. Bawa la chuma halijui kama ni plastiki ao ni kidole. Jumapili moja alitengeneza mashini asubuhi, akaenda kanisani, fyuzi mufukoni. Usine yote ikasimama. Patron mwenyewe aliingia kanisani katikati ya mahubiri, akapita kati ya viti akiinama, na Papa Ngoy akampa fyuzi bila kugeuza kichwa. Patron akaitia kwanza mu kikapu ya sadaka bila kufikiri, ikabidi aombe irudishwe. Tulicheka mwezi muzima. Lakini vidole vyetu vyote tulikuwa navyo.

Usine ile sijui kama inasimama bado. Tulipovuka kuja Zambia sikubeba spana hata moja. Nilibeba sufuria, na masikio. Hapa Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, nilipewa shamba, nikalima maharage, na watu wakanijua kwa kupatana bei, hakuna aliyenijua kwa mashini. Na hiyo ndiyo sababu Bana Chola, mama yake Chola kwa lugha ya huku, alinitafuta.

Ninyi munamujua Bana Chola kama mukubwa wenu. Mimi nilimuona mara ya kwanza akishuka kwenye baiskeli mbele ya maharage yangu, mavumbi mpaka magotini, na ile "mukwai" yao ya heshima mudomoni.

"Mama Ilunga, mukwai, nasikia muko na nguvu ku bei."

"Nguvu yangu iko ku maharage. Kilo ngapi?"

"Awe, si maharage. Nataka muniuzishie mashini."

Akakaa juu ya gunia, akaeleza. Bwana yake alikuwa muvuvi, alifariki. Yeye akauza mutumbwi na nyavu, akanunua mashini ya kusaga, valvu, feni na ile ya kuyeyusha, na akaanza kutengeneza mbao za plastiki kutoka kwa madumu na ndoo zilizovunjika. Mbao zisizooza, za meza za samaki na viti vya mitumbwi. Watu walizitaka. Lakini valvu ikafa. Akanunua chuma kipya cha mabawa, na hicho nacho kilikuwa kinakufa vilevile. Watu wakaanza kumwambia kwamba nyavu za marehemu zinamulilia. Jumamosi angekuja mununuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Mansa, Ba Mulenga, na lori lake, kuchukua mashini yote kwa kilo.

"Kwa kilo?" nikasema. "Kama mihogo?"

"Njo maana nimekuja kwenu. Akichukua kwa bei yake, sina mutumbwi, sina nyavu, sina mashini. Nitabaki na baiskeli."

Nikamwambia nitakwenda, lakini mimi siuzi kitu sijakijua. Lazima nikione kwanza kinatembea.

Tulifika Kabuta, kando ya ziwa Mweru, na kabla sijaona karakana nikaisikia: kong, kong, kong. Mwansa, huyu huyu fundi wenu anayejifanya mutulivu leo, alikuwa anapiga pipa la juu ya valvu na nyundo ili vipande vianguke. Pipa lilikuwa na mabonde kama barabara. Na juu yake vumbi la plastiki lilikuwa linaruka, linashuka, linaruka tena.

"Unaipiga kwa nini?"

"Haitaki kushuka, mama. Imekuwa na kichwa ngumu."

"Haina kichwa. Zima."

Akazima. Nikatoa fyuzi, nikaitia mufukoni mwa blauzi. Mwansa akacheka kidogo. Nikamwacha acheke.

Sikilizeni hapa vizuri, sababu ndipo wengi wanapotea. Vipande visiposhuka, mutu anafikiri shida iko juu, anapiga pipa. Lakini mabawa yakiisha ncha, upepo wa bomba unapita kando yake, unapanda, unashikilia vipande juu kama mukono ulio chini ya sahani. Nilikata ukanda wa karatasi ya daftari, nikaukunja mara moja, nikaupitisha kati ya ncha ya bawa na ukuta wa kasha. Valvu nzima inaushika huo ukanda kidogo unapouvuta, kama mutoto anashika kitenge cha mama yake. Ile ya Kabuta, karatasi ilipita kama mutu wa serikali anavyopita bila kulipa. Nikaukunja tena na tena, bado unapita.

"Walituuzia chuma laini," Mwansa akasema.

"Chuma laini kinapindika. Hiki kimelambwa. Angalia mistari."

Ncha zilikuwa zinang'aa, na ukuta wa ndani ulikuwa na mistari myembamba ya kuzunguka, kama imesuguliwa na karatasi ya msasa. Kuko kitu kilikuwa kinakula.

"Plastiki munaosha?"

Mwansa akakasirika. "Mama, tunaosha kupita nguo ya kanisa! Mara tatu, ndani ya ziwa. Mukuje muone."

Nikaona. Ni kweli, waliosha vizuri kabisa. Vipande vilitoka mu maji vikiwa safi, bluu na njano, hata mimi ningevinunua. Nikarudi kwenye valvu, nikaikagua tena kila bawa, nikaikagua mara ya pili. Sikupata kitu. Bana Chola alikuwa amekaa mulangoni, anatazama barabara ambako lori lingetokea Jumamosi. Nikaanza kupiga hesabu ya bei ya kilo kichwani, na kusema kweli, hesabu ile iliniumiza.

Wakaleta chakula. Bwali, ndio ugali wa huku, na chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, vimekaangwa na nyanya. Tukanawa, tukala. Na katikati ya tonge la pili, ndani ya mudomo wangu, kreche.

Nikaacha kutafuna. Kando yangu Mwansa: kreche. Bana Chola: kreche, kreche. Hakuna aliyejali. Kwenu ninyi wa ziwani ule muchanga ni sehemu ya mboga, mumeuzoea tangu kuota meno, kama mutu anayekaa karibu na kinu hasikii tena kelele yake.

"Bana Chola," nikasema, "hii chisense mulianika wapi?"

"Pale, ku muchanga. Wapi tena?"

Nikageuka. Ufuko wote ulikuwa umetandazwa chisense, zinameta kama mabati mapya. Kando ya chisense, mihogo. Kando ya mihogo, shuka za mutu. Na kando ya shuka, juu ya muchanga uleule, plastiki yetu, bluu na njano, imetandazwa kwa mukono wa mutu anayejua kuanika, nyembamba, sawasawa, haina kosa. Tangu zamani kila kitu kinachotaka kukauka hapa kinalala pale. Nani angefikiri plastiki ina sheria nyingine?

Niliomba glasi ya maji. Nikatia konzi ya vile vipande vilivyokauka, vilivyo tayari kwenda mashinini, nikakoroga na kidole. Plastiki ya madumu inaelea. Ikapanda yote juu. Chini ya glasi kukabaki utando wa muchanga, mwembamba, mweupe, unang'aa.

Wote wakainamia glasi. Alafu Mwansa, pole pole: "Lakini mama, tunakung'uta."

"Hata chisense mulikung'uta."

Bana Chola alianza kucheka. Alicheka mpaka akafunika uso na kitenge, na mwisho sikujua kama bado ni kicheko. "Basi si marehemu," akasema. "Miezi hii yote nilikuwa namuomba msamaha juu ya nyavu. Kumbe ni muchanga!"

Sasa, kujua nani mwizi si kurudishiwa mali. Ncha zilikuwa zimeliwa. Lakini Papa Ngoy alinifundisha kwamba valvu nzuri ya vitu vigumu haina mabawa ya kipande kimoja. Ncha zake ni visu vya chuma vilivyofungwa na bolti, na matundu ya bolti ni marefu, ili kisu kikiisha ukisukume mbele kidogo. Nilikwangua ule uchafu mugumu wa plastiki juu ya bawa, na vichwa vya bolti vikatokea kimoja kimoja.

"Mwansa, hizi ni nini?"

"Nilifikiri zinashika bawa tu."

"Na bawa linashika nini?"

Tulimimina mafuta ya taa, tukangoja, tukafungua. Kisu kwa kisu tulisukuma mbele mpaka karatasi iliyokunjwa mara moja ishikwe kidogo. Mwansa alitaka kubana zaidi, isipite hata nywele. Nikamkataza. Chuma kikipata joto kinanenepa, na valvu iliyobanwa baridi inashikamana ikichemka, alafu mota inalipa. Baada ya hapo mukono, si umeme: zungusha polepole duara zima, sikiliza, zungusha tena. Ukisikia inakwaruza mahali pamoja, rudi kwenye kisu kile. Ukuta ulikuwa na mistari yake bado, hiyo hatukuweza kuiondoa, na upepo kidogo ungepita. Upepo kidogo unavumilika. Tulitoboa njia ndogo kando ya pipa, tukaweka bomba la kuutoa nje, usipande kusumbua vipande.

Na plastiki? Iliyokuwa chini yote ikarudi kuoshwa. Nyuma ya karakana kulikuwa mbao za plastiki zilizotoka zimepinda, hakuna aliyezitaka. Mwansa akazifanya meza ndefu, juu yake mikeka ya matete, na Ijumaa mchana wote jua likafanya kazi yake bila muchanga kuingilia.

Jumamosi Ba Mulenga akafika na lori lake la Kanta, mizani nyuma, na tabasamu la mutu anayejua kwamba wewe una haraka. Alipozima injini, akasikia yetu. Shuku, shuku, shuku. Vipande vinashuka, nyundo iko chini.

"Eh! Si mulisema imekufa?"

"Ilikuwa inalala," nikasema.

Akaizunguka. Akaweka mukono juu ya kasha. Akaniangalia, akajua mara moja kwamba tumetoka shule moja. Akataja bei nyingine, si ya kilo tena, bei ya mashini. Nikakohoa. Akapandisha. Nikaangalia ziwa. Akapandisha tena, akaapa kwa mama yake. Ilikuwa bei nzuri. Ilikuwa ile hasa niliyoitwa kuitafuta.

Bana Chola akanivuta kando. "Mama Ilunga, muniambie kweli. Hii bei ni muzuri?"

"Ni muzuri."

"Na mashini?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, sababu mali si yangu na njaa isingekuwa yangu. "Mashini imeshiba tu muchanga. Ukiilisha safi, kila visu vikiisha utavisukuma, na siku moja utanunua vipya, visu tu. Bei ile utaila mara moja."

Akasimama hivi, mikono ndani ya kitenge. Ba Mulenga akaanza kuhesabu noti kwa sauti ili sisi tuzisikie. Bana Chola akageuka, hakumwangalia yeye.

"Mwansa," akasema, "mimina gunia lingine."

Ba Mulenga alipiga kelele mpaka wavuvi wakaja kutazama. "Nimechoma mafuta toka Mansa! Nitarudi na nini mimi?"

"Usirudi bure," nikamwambia. "Sakafu ya Kanta yako imeoza, unaona barabara ukikaa ndani. Hapa kuko mbao zisizooza."

Akanunua. Akinung'unika, akipima kila ubao, lakini akanunua. Wakati wanapakia nikaona ndani ya vyuma vyake spika kubwa imepasuka, na nyuma yake sumaku nzito.

"Na ile ni mbasela yetu, nyongeza ya bure."

"Ba mama! Mbasela inatoka kwa muuzaji! Mimi si nimenunua?"

"Wewe njo ulikuja wa kwanza kutuuzia bei mbaya. Hatukuichukua. Lakini mbasela yake tunaichukua."

Wavuvi walicheka, na mutu hawezi kukataa mbele ya kicheko kama kile. Sumaku ile ndiyo munayoiona leo kwenye mudomo wa pipa. Muipanguse kila asubuhi. Mutakuta ndoano zilizokwama kwenye ndoo na kamba kuukuu, na kila ndoano mutakayoikuta pale, muhesabu kwamba ingekuwa ndani ya valvu.

Kingine mutajifunza kwa masikio. Cheni ikilegea inapiga makofi. Beringi ikikauka inapiga mluzi, kwanza asubuhi tu, alafu siku nzima. Karatasi ya daftari iwe karibu, glasi ya maji iwe karibu, na fyuzi munajua inakaa wapi.

Juzi Bana Chola aliniita kula. Sasa nusu ya ufuko wa Kabuta ni meza za mbao zenu, na chisense zinakauka juu, hazigusi chini. Tulitafuna. Hakuna kreche. Bana Chola akatafuna tena, akainamisha kichwa kama mutu anayetafuta redio.

"Inakosa kitu," akasema.

"Muchanga."

"Eya. Nimeuzoea, mukwai."

Nilitaka kumucheka, lakini hata mimi nilikuwa nasikiliza kitu nilichokikosa. Ng'ambo ya uwanja valvu ilikuwa inazunguka, shuku, shuku, pole, bila mbio, namna ileile ya mu usine kule Lubumbashi Papa Ngoy akipita nyuma yangu. Alafu Mwansa akaisimamisha, akafungua kifuniko, na kabla sijajua ninachofanya mukono wangu ulikuwa umekwenda mufukoni kutafuta fyuzi. Mufuko ulikuwa mutupu. Nikageuka haraka kumupigia kelele.

Fyuzi ilikuwa mufukoni mwa shati lake.